Mshahara mkubwa sasa, au nisubiri umeneja?

Swali: Shikamoo mshauri. Nina miaka minne kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu, na sasa ni mkaguzi mwandamizi. Mbia ninayefanya kazi chini yake ameniambia mara mbili kwamba vyeo vitakapotolewa, baada ya miezi saba, nitakuwa meneja. Wiki iliyopita nimepata ofa kwenye idara ya fedha ya kampuni nyingine. Mshahara ni asilimia 35 zaidi ya ninaolipwa sasa, cheo ni mhasibu mwandamizi, na wanataka jibu ndani ya siku 14. Huku kwetu meneja mpya hulipwa kama asilimia 30 zaidi ya mwandamizi. Mwaka jana waliostahili kupanda walikuwa watano, wakapandishwa wawili. Mama ananiambia nisiache mbachao kwa msala upitao. Rafiki zangu wananiambia fimbo ya mbali haiui nyoka. Nimechanganyikiwa. Labda niongeze kwamba kwenye ratiba ya msimu ujao wa ukaguzi nimeona jina langu limeandikwa kama msimamizi wa kazi tatu, ingawa sijui kama hilo lina maana yoyote. Je, niondoke au nisubiri? Na nikisubiri, nimwambie mbia kuhusu ofa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu macho yangu yaliganda kwenye sentensi moja, ile uliyoipenyeza karibu na mwisho kana kwamba unaomba radhi kuitaja: jina lako kwenye ratiba. Lina maana. Nitalirudia, kwa sababu bila hilo ningekujibu tofauti.

Niseme msimamo wangu mapema, usisome kwa roho juu. Kwa maelezo uliyonipa, mimi ningebaki. Ila ningebaki kwa tarehe, na ningebaki baada ya mazungumzo moja na huyo mbia, mazungumzo ambayo naona bado hujayafanya. Kuambiwa mara mbili si mazungumzo. Hayo ni maneno uliyopewa ukaondoka nayo.

Tuanze na mama yako na rafiki zako, maana wote wamesema kweli na wote wamekuacha ulipokuwa. Mbachao wako ni upi hasa? Ni kazi uliyonayo, au ni umeneja ambao bado hujaushika? Cheo cha mwandamizi unacho mkononi. Meneja bado ni ahadi. Ukiiangalia hivyo, fimbo ya mbali ni hiyo ahadi, na ofa ndiyo iliyo karibu. Lakini ofa nayo ina umbali wake: cheo kilekile, mlango mpya, na ngazi ambayo hujui ina vipandio vingapi. Methali zinakusaidia kulitambua jambo. Kulipima ni kazi yako.

Kinachofanya suala hili liwe gumu ni kwamba mshahara unauona wewe, lakini cheo kinaonwa na watu wengine. Mwajiri wako anajua unachoweza. Amekuona ukikesha na faili, amesoma karatasi zako za kazi, anajua ni mteja gani alikupigia wewe badala ya kumpigia meneja. Mwajiri wa nje hajui lolote kati ya hayo. Anachoona ni neno moja kwenye wasifu wako. Mwaka 1984 mwanauchumi Michael Waldman alilieleza jambo hili vizuri: kumpandisha mtu cheo ni kuwatangazia waajiri wengine kwamba mtu huyu anaweza, na tangazo hilo linampandisha bei sokoni. Ndiyo maana kampuni nyingine huchelewesha vyeo hata kwa watu wanaostahili. Kukupa umeneja ni kuwaonyesha washindani wake mahali pa kukutafuta.

Nimelipia somo hili mwenyewe. Nilipokuwa na umri kama wako niliondoka kwenye kampuni moja ya ukaguzi miezi minne kabla ya majina ya mameneja kutoka. Ofa ilikuwa nzuri, na mwezi wa kwanza nilipoona kiasi kilichoingia benki nilijiambia nimefanya la maana. Miaka miwili baadaye niliomba nafasi ya mkuu wa hesabu mahali fulani. Mama aliyenisaili alikuwa mtu wa heshima, hakunidharau hata kidogo. Alipitisha kalamu juu ya wasifu wangu taratibu, mstari kwa mstari, akafika kwenye neno "mwandamizi", akalizungushia duara. Akashuka hadi kazi ya pili, akakuta "mwandamizi" jingine, akalizungushia duara pia. Kisha akauliza kwa upole: "Umewahi kusimamia timu kwa cheo, au kwa kusaidia tu?" Nilikuwa nimesimamia timu misimu miwili mfululizo. Nikaeleza. Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu kidogo pembeni, na mimi nikiwa nimekaa pale nilijua imekwisha. Ilinichukua miaka mitatu zaidi kulipata neno ambalo ningelipata kwa miezi minne ya subira.

Sikupi kisa hiki ili nikutishe. Ninacho kingine kinachoelekea upande wa pili, na ni haki ukisikie. Mwenzangu mmoja tuliyeanza naye alibaki. Fomu zake za tathmini ya mwaka alinionyesha baadaye, tatu, za miaka mitatu mfululizo. Kwenye kila moja, mahali pa maoni ya msimamizi, palikuwa na maneno yaleyale: "yuko karibu kuwa tayari." Mwaka wa kwanza alifurahi. Mwaka wa pili alijiuliza kasoro yake ni nini. Mwaka wa tatu aligundua kwamba hapakuwa na kasoro, bali hapakuwa na nafasi, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Miaka mitatu ya mtu ilikwenda kwa sababu ya aibu ya mtu mwingine.

Kwa hiyo hebu tuhesabu. Chukua mshahara wako wa sasa wa mwezi uwe 100, kisha wewe mwenyewe utaweka tarakimu zako. Ukiondoka leo unapata 135. Tudhani baada ya miaka miwili wanakuongezea asilimia 10, unafika 148.5. Ukibaki na cheo kikaja kwa wakati, miezi saba unalipwa 100, kisha 130 kwa mwaka mmoja ukiwa meneja, kisha unatoka ukiwa na cheo mkononi. Kama soko linakupa asilimia 35 zaidi ukiwa mwandamizi, si ndoto kudhani litakupa asilimia 30 ukiwa meneja. Hapo unafika 169.

Ndani ya miezi 36, anayeondoka leo amekusanya 5,022. Aliyebaki akapandishwa amekusanya 5,133. Tofauti ni 111, yaani mshahara wako wa mwezi mmoja na kidogo. Kwa kipimo hicho subira karibu haina malipo. Lakini sogeza macho hadi miezi 60. Anayeondoka ana 8,586, aliyebaki ana 9,189. Tofauti sasa ni 603, na kila mwezi unaopita baada ya hapo inaongezeka kwa 20.5. Cheo ni kama mti wa matunda: miaka ya kwanza unamwagilia tu.

Sasa upande wa hasara, ambao watu wengi huuruka. Tuseme unasubiri, miezi saba inapita, jina lako halimo. Unaanza kutafuta, unapata ofa kama hii ya leo baada ya miezi mitatu, unaondoka. Umepoteza kiasi gani ukilinganisha na kuondoka leo? Kama 485, ukihesabu na nyongeza ambayo itachelewa kwa miezi hiyohiyo kumi. Hiyo ndiyo bei ya kusubiri kwa tarehe. Lakini ukisema "ngoja nijaribu mwaka mmoja tena", na huo nao ukapita mikono mitupu, hasara inafika 1,067. Imezidi maradufu kwa kusogeza tarehe mara moja tu. Mwenzangu aliisogeza mara mbili.

Ukiweka faida ya 603 upande mmoja na hasara ya 485 upande wa pili, unaona kwamba kwa jicho la miaka mitano kusubiri kunalipa kama uwezekano wa kupandishwa unazidi 45 kwa 100. Kwa jicho la miaka mitatu, unahitaji uwezekano wa 81 kwa 100. Ndiyo maana watu wawili wenye akili timamu wanaweza kupewa ofa hiihii, mmoja akaondoka na mwingine akabaki, na wote wakawa sahihi. Mwenye deni linalomuumiza, au mgonjwa nyumbani, au ada ambayo haiwezi kungoja, haishi kwa miaka mitano. Anaishi kwa mwezi huu. Kama wewe ni huyo na hukuniandikia kwa kuona haya, basi chukua ofa, na usimwachie mtu yeyote akuambie umekosa subira.

Sasa tupime uwezekano wako. Mwaka jana wawili kati ya watano: hiyo ni 40 kwa 100, chini ya 45. Kwa takwimu hiyo peke yake ningekuambia ufungashe. Na usiipuuze, kwa sababu kampuni hizi zimejengwa kama piramidi. Chini wengi, katikati wachache, juu wabia wanaogawana faida. Vyeo haviongezeki kwa kuwa watu wamekuwa wazuri. Vinaongezeka meneja mmoja akiondoka, au kazi za wateja zikizidi mikono iliyopo. Edward Lazear na Sherwin Rosen, mwaka 1981, waliufananisha mpangilio wa namna hii na mashindano: zawadi ya juu inafanywa kubwa ili wote walio chini wakimbie, wakiwemo wale ambao hawataipata. Unaweza kukimbia vizuri ukawa wa tatu, na zawadi zilikuwa mbili.

Ndiyo maana nilikwama kwenye ratiba yako. Ratiba ya msimu haiandikwi ili kumfurahisha mtu. Mtu wa mipango amekaa na orodha ya wateja, saa zilizokubaliwa kwa kila kazi, na watu alionao, akaanza kugawa. Akikuandika msimamizi wa kazi tatu, maana yake hana meneja mwingine wa kuweka pale, na ada za kazi hizo zimepigwa hesabu wewe ukiwa umesimama hapo. Mbia anaweza kukuambia neno zuri kwenye lifti na kulisahau kabla mlango haujafunguka. Ratiba ikivurugika, mteja analalamika. Kwangu jina hilo linaupandisha uwezekano wako kutoka 40 hadi 60, pengine 70. Hayo ni makadirio ya mtu aliyeona ratiba nyingi, uyachukue hivyo.

Lakini lichunguze kabla hujaliamini. Fungua ratiba uone kama jina la meneja wa zamani bado liko juu ya lako kwenye kazi hizohizo. Kama lipo, huenda wanataka ufanye kazi ya meneja kwa mshahara wa mwandamizi, na hilo hutokea sana. Kama halipo, na yule wa zamani amehamishiwa kwingine au ameaga, nafasi ni ya kweli. Ukiweza, uliza pia kama jina lako liliingia kwenye barua za mapendekezo zilizopelekwa kwa wateja hao, na limeandikwa kwa cheo gani. Kampuni ikishamtajia mteja kwamba meneja wa kazi ni fulani, imejifunga kidogo.

Jingine ni huyo mbia mwenyewe. Anakaa kwenye kikao kinachopitisha majina, au anapeleka mapendekezo tu? Ana miaka mingapi kabla ya kustaafu? Nimeona vijana wazuri wakianguka kwa sababu msemaji wao alistaafu mwezi mmoja kabla ya kikao. Ahadi ni deni, lakini deni la mtu aliyeondoka unamdai nani?

Tuje kwenye ofa. Asilimia 35 ni kubwa, nakubali. Mwaka 1992 Robert Topel na Michael Ward walichapisha utafiti kuhusu vijana wa kiume nchini Marekani, wakaonyesha kwamba katika miaka kumi ya kwanza ya kazi, angalau theluthi moja ya ongezeko la mishahara yao ilitokana na kubadili waajiri. Hawa hawakuwa watu wa tamaa. Kuhama ndiyo njia halali ya kukua, na anayekuambia kubaki ni uaminifu na kuondoka ni usaliti anakudanganya, hata kama ni kwa nia njema.

Ila asilimia 35 ya kitu gani? Linganisha kinachofika mkononi, kwa maana kodi ya mshahara kwa kawaida hupanda kadiri mshahara unavyopanda, na 35 ya kwenye barua inaweza kuwa 28 benki. Uliza mchango wa mwajiri kwenye pensheni, bima ya matibabu, na bonasi inahesabiwa vipi. Angalia bonasi yako ya sasa inalipwa lini. Nimewahi kumshauri mtu asogeze tarehe ya kuondoka kwa wiki tatu tu, akalipwa bonasi ya mwaka mzima ambayo angeiacha mezani.

Uliza saa pia. Huko uliko, msimu ukiwaka, pengine unafanya saa 240 kwa mwezi. Idara ya fedha ya kawaida inaweza kukutaka saa 180. Kwa hesabu ya saa, 135 kwa saa 180 ni asilimia 80 zaidi ya 100 kwa saa 240. Hiyo ni hoja nzito ya kuondoka kuliko hata mshahara wenyewe, hasa kama mwili umeanza kukusemesha. Sijasikia ukilalamikia uchovu, kwa hiyo siipi uzito mkubwa hapa. Lakini kama umeuficha uchovu kama ulivyoificha ile ratiba mwishoni, uhesabu.

Halafu ngazi. Utakuwa chini ya nani, na huyo ana miaka mingapi? Kama bosi wako mtarajiwa ni mkuu wa hesabu mwenye miaka 36 na anaipenda kazi yake, cheo chako kimekaa chini ya dari. Waulize wazi kwenye mazungumzo yajayo: aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu yuko wapi sasa? Kama alipandishwa hapohapo, ni dalili njema. Kama nafasi imepita watu watatu kwa miaka minne, umeshajibiwa.

Na tafadhali, kama kampuni iliyokupa ofa ni mteja ambaye wewe mwenyewe unamkagua, simama hapo kwanza. Kanuni za maadili za kimataifa za wahasibu zinataka kampuni za ukaguzi ziwe na utaratibu unaomtaka mjumbe wa timu ya ukaguzi aijulishe kampuni yake anapoanza mazungumzo ya ajira na mteja wa ukaguzi. Kwa kampuni zilizosajiliwa kwenye masoko ya hisa ya Marekani, sheria ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002 iliongeza kipindi cha mwaka mmoja pale mkaguzi anapokwenda kwa mteja kushika nafasi za juu za fedha, kama mkurugenzi wa fedha au mkuu wa hesabu. Cheo chako si cha juu kiasi hicho, lakini kunyamaza kunaweza kukuharibia jina kwenye taaluma ambayo jina ndiyo mtaji. Kama huyo ni mteja wako, swali lako la kumwambia mbia au la limekwisha jibiwa: mwambie leo.

Kuna mambo mawili ya karatasi ambayo watu huyakumbuka wakiwa wameshatia saini. Kama kampuni ilikulipia mitihani ya taaluma, soma mkataba wa malipo hayo, maana mara nyingi kuna kipengele cha kurudisha fedha ukiondoka kabla ya muda fulani, na kinaweza kula miezi kadhaa ya hiyo asilimia 35. Na kama bado hujakamilisha uanachama wa taaluma, hakikisha uzoefu wako umethibitishwa kabla hujatoka. ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, kwa mfano, wanataka miezi 36 ya uzoefu wa kazi uliothibitishwa na msimamizi. Kumtafuta msimamizi atie saini wakati bado unakaa naye ofisi moja ni jambo la dakika kumi. Kumtafuta baada ya kumwacha katikati ya msimu ni habari nyingine.

Sasa mazungumzo na mbia. Omba nusu saa, si kwenye korido, na si siku ya kukabidhi ripoti. Usianze na ofa. Anza na kazi. Ningesema hivi, kwa maneno yangu, nawe utayatia ya kwako: "Nimeona nimepangiwa kusimamia kazi tatu msimu ujao na nimefurahi. Umeniambia nitakuwa meneja vyeo vikitoka. Ninapanga maisha yangu kwa kutegemea hilo, kwa hiyo naomba unisaidie kujua mambo matatu. Je, jina langu limeshapelekwa? Kuna nafasi ngapi mwaka huu? Na kuna kitu gani ambacho kikao kinaweza kukitumia kunikataa?"

Kisha nyamaza. Hili la kunyamaza ni gumu kuliko yote, lakini ndilo litakalokupa jibu. Mbia mwenye nafasi ya kweli atakutajia idadi, atakutajia kasoro yako moja au mbili, pengine atakuambia nani ndani ya kikao anahitaji kukuona ukifanya nini. Kasoro akizitaja, shukuru moyoni. Mtu hamtengenezei orodha ya marekebisho mtu ambaye hana mpango naye. Asiye na nafasi atakusifu. Atakuambia wewe ni nguzo, kampuni inakuthamini, mambo ni mazuri, tuvute subira. Ukitoka chumbani na sifa nyingi na bila idadi wala tarehe, rudi kwenye meza yako, soma ofa tena, na uikubali.

Kuhusu kumwambia kama kuna ofa: kama si mteja, usiitaje kwenye mazungumzo hayo, isipokuwa uko tayari kuondoka kesho yake. Ofa ikishatajwa haiondoki hewani. Wanaweza kukuongezea mshahara ili ubaki, na hapo ndipo wengi hunaswa. Wakikupa fedha bila cheo, wamekununua kwa bei ya mwandamizi na wamepunguza sababu ya kukupandisha, maana mshahara wa meneja umeshaupata nusu. Ningekubali kitu kimoja tu kutoka kwao: barua yenye cheo na tarehe ya kuanza. Barua pepe ya mbia inatosha, si lazima iwe na muhuri.

Kwa wale wa upande wa pili, usiwaache gizani siku 14 halafu ukaomba msamaha. Waandikie wiki hii, uwashukuru, uwaulize kama tarehe ya kuanza inaweza kusogea, na kama wangefikiria cheo cha meneja msaidizi kwa mshahara huohuo. Hilo la pili watu hawaliombi kwa sababu wanadhani mshahara ndio unaojadiliwa peke yake, kumbe kubadilisha neno kwenye mkataba hakumgharimu mwajiri senti moja ya mshahara. Wakikubali, nachukua kalamu na kufuta nusu ya niliyokuandikia, kwa sababu hoja yangu kubwa ya kubaki ilikuwa ni neno hilo.

Wakikataa, na mbia akakupa idadi na tarehe, baki. Andika tarehe ya kikao cha vyeo kwenye kalenda yako, na chini yake andika tarehe nyingine, wiki mbili baadaye: siku ya kuanza kutafuta, kama jina halikutoka. Waonyeshe mama na rafiki zako tarehe hiyo ya pili, wote. Utahitaji mtu wa kukukumbusha siku ambayo mbia atakuambia kwa sauti ya upole kwamba uko karibu kuwa tayari.